Na kamera ipige hodi



Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachobebeshwa kazi nyingi, nacho ni kupiga. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga bunduki. Na picha nayo tunaipiga. Aliye kwao, akipigana picha na ndugu zake siku ya arusi, hana haja ya kulisumbukia neno hilo. Lakini mtu anayeishi ugenini, akazunguka na kamera begani miongoni mwa watu asiowajua na wasiomjua, hufika siku akajiuliza: katika kupiga huku, ni nani hasa anayepigwa? Swali hilo ndilo ninalotaka tulitazame wiki hii, kwa sababu si la wapiga picha peke yao tena. Leo kila mwenye simu ana kamera, na kila nyumba ina mtu ambaye uso wake umesafiri mbali kuliko alivyowahi kusafiri mwenyewe.

Nimekaa Maskati kwa miaka kadhaa sasa. Siku za kazi nipo katika duka dogo la picha mtaani Ruwi, ambako watu huja kupiga picha za pasipoti na za vibali vya ukaazi. Ijumaa na Jumamosi, ambazo ndizo siku za mapumziko nchini Oman tangu mwaka 2013, huchukua kamera yangu nikashuka Mutrah. Huko nafanya kazi ambayo hainilipi kitu, nayo ni kupiga picha za mtaani. Mpiga picha wa mtaani hana pazia lililochorwa bustani, hana kiti cha kumkalishia mteja, wala hampangi mtu asimame vipi. Hutembea, hutazama, na husubiri maisha ya kawaida yajionyeshe yenyewe: muuza ubani akipima kwa kijiko, mtoto akimvuta baba yake nguo mbele ya duka la haluwa, paka akisubiri fungu lake kwa mvuvi.

Kwa asiyefika Mutrah, ni mji wa bandari uliobanwa baina ya milima mikavu na bahari. Mbele kuna barabara ya pwani na safu ya nyumba nyeupe zenye roshani. Juu ya jabali kuna ngome iliyojengwa na Wareno. Na katikati ya safu ya nyumba umo mlango wa soko la zamani, lenye vichochoro vinavyopindapinda na harufu ya udi isiyokatika. Msomaji wa Unguja, Mombasa au Lamu hatajihisi mgeni sana akiziona kofia za kushonwa kwa mkono na milango ya mbao iliyochongwa. Tena hatashangaa akisikia Kiswahili. Familia nyingi zilizokuwa Afrika Mashariki zilihamia huku baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi.

Nianze na chombo chenyewe, maana ndani yake mna jambo la adabu ambalo wengi hawalioni. Kamera huvishwa lenzi za namna mbalimbali. Iko lenzi ndefu, ya milimita 200 na kuendelea, inayomvuta mtu aliye ng'ambo ya barabara hadi ukahesabu mikunjo ya uso wake, na yeye asijue. Na iko lenzi fupi, ya milimita 35, ambayo haivuti kitu. Ukitaka uso wa mtu kwa lenzi hiyo, lazima usimame hatua mbili au tatu kutoka kwake. Atakuona. Atakutazama usoni, nawe utamtazama. Akichukia, utajua hapo hapo. Akitabasamu, utajua pia. Wapiga picha wa mtaani wa zamani waliipenda lenzi fupi kwa sababu inaonyesha mtu pamoja na mahali alipo. Mimi naipenda kwa sababu inanilazimisha kutoa salamu.

Na salamu haikuhakikishii picha. Katika soko la samaki la Mutrah, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2017 kwa ramani ya wasanifu wa Snøhetta kutoka Norway, paa lake la vipande vyembamba huchuja jua la asubuhi likaanguka sakafuni kwa mistari. Ni mwanga ambao mpiga picha yeyote angeutamani. Mvuvi mmoja alikuwa ameinua nguru mkubwa kwa mikono miwili, na mistari ile imemlala usoni. Nilimsalimu, nikamwonyesha kamera kwa ishara ya kuomba. Akacheka, akamsogeza nguru mbele ya uso wake, akasema kwa Kiarabu: mpige huyu, yeye hana aibu. Nikapiga nguru. Picha hiyo ninayo hadi leo: samaki mzima, vidole kumi, na ukingo wa kofia juu yake. Mtu aliyeiona dukani aliniambia kuwa ingekuwa nzuri zaidi kama uso ungeonekana. Pengine. Lakini uso ule haukuwa wangu wala wake.

Kuna mzee mmoja hukaa karibu na mlango wa soko, juu ya baraza, mkongojo ukiwa baina ya magoti. Meli kubwa za watalii hutia nanga katika Bandari ya Sultani Qaboos, hatua chache kutoka hapo, na abiria wake hushuka kwa mamia. Nilipompa salamu kwa Kiarabu alinijibu kwa Kiswahili cha Unguja, kisha akaniuliza watu wangu ni wa wapi. Tulipokwisha kujuana akaniambia:

"Mwanangu, kila meli ikifunga gati mimi huwa sehemu ya mlango. Wanaupiga mlango, wananipiga na mimi, wanakwenda zao. Na mlango hausalimiwi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Sikumwomba picha siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Tulikunywa kahawa, akanihadithia habari za Malindi na Darajani ya ujana wake, akaniuliza bei ya mchele Dar es Salaam. Wiki ya tatu akaitengeneza kofia yake vizuri, akasema, "Leo piga." Ndiyo maana katika picha ile mzee hakutazama pembeni kama wanavyotazama watu wanaoviziwa. Ananitazama mimi, kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekaribishwa ndani.

Hapo ndipo nilipokumbuka hodi. Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba mlango wa mtu, hata ukiwa wazi, hauingiwi hivi hivi. Hupigwa hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, unarudi, wala hunung'uniki. Hakuna anayesema kwamba adabu hiyo inapunguza udugu. Inaulinda. Basi kama nyumba ya udongo na mawe ina haki hiyo, uso wa mwanadamu utaikosaje?

Nitaulizwa: je, shida za watu zisionyeshwe? Je, dhuluma itajulikanaje ikiwa mpiga picha atakaa kusubiri karibu? Swali hili ni zito na halistahili jibu jepesi.

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kanuni za kazi nchini Oman huzuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kwa sababu ya joto. Saa hizo utawaona wafanyakazi wa ujenzi, wengi wao kutoka Bangladesh, India na Pakistan, wamelala juu ya makaratasi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kofia zao ngumu zikiwa mito. Kwa jicho la kamera ni picha iliyokwisha kujipanga. Jumamosi moja ya Julai nilikuwa nimeketi kwenye kivuli hicho hicho, nikipumzika kama wao. Kijana mmoja kutoka Bangladesh aliiona kamera yangu, akaniomba kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza nimpige picha kwa simu yake, apate kumpelekea mama yake. Kwanza alikwenda bombani akaosha uso na shingo. Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki shati safi analoliweka kwa ajili ya Ijumaa, akalivaa juu ya suruali ya kazi, akasimama bahari ikiwa nyuma yake. Nilipiga. Akaitazama picha, akatikisa kichwa: pembeni ilionekana koleo. Tulihama hatua mbili, nikapiga tena.

"Mama anajua nafanya kazi," alisema. "Hajui jua."

Nilimwomba, kwa upande wangu, picha moja akiwa katika nguo zake za kazi. Alifikiri kidogo, akajibu: mikono tu. Nikapiga mikono.

Wapo watakaosema kuwa picha ya shati safi ni uongo, na ya makaratasi ndiyo kweli. Mimi sioni hivyo. Mama yule alitaka kujua mambo mawili: kwamba mwanawe yu hai, na kwamba uso wake haujakonda. Yote mawili yalikuwemo. Tena kijana alikuwa anatimiza wajibu ambao kila aliyeko ughaibuni anaujua, wa kumpunguzia aliye nyumbani mzigo wa wasiwasi. Ningempiga amelala juu ya makaratasi bila kumwuliza, na picha ile ikazunguka hadi kijijini kwao, ningekuwa nimemvunjia kwa sekunde moja kile alichokijenga kwa miaka.

Sisemi kwamba picha ya shida haina faida. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange, aliyeajiriwa na idara ya serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja wa miaka 32 akiwa na wanawe katika kambi ya wavuna njegere waliokosa kazi. Gazeti la San Francisco lilipozichapa picha hizo, serikali ilipeleka kambini paundi 20,000 za chakula. Hiyo ni faida, na mwenye njaa hawezi kuidharau. Lakini chakula kilipofika, mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka. Lange hakumwuliza jina. Dunia ililijua mwaka 1978 tu, alipojitokeza mwenyewe katika gazeti la mji wake: Florence Owens Thompson. Alisema kuwa hakupata hata senti moja kutokana na picha ile na kwamba alitamani asingepigwa. Miaka mitano baadaye, alipokuwa mgonjwa, wanawe waliomba msaada wa matibabu. Wasomaji walioikumbuka picha wakatuma maelfu ya dola, pamoja na barua za heshima. Kwa hiyo picha ile ile ilimwumiza mwenyewe na ikaja kumfaa. Lakini kuuliza jina lake kusingeipunguzia nguvu hata chembe.

Mfano wa pili wengi wenu mmeuona bila kujua habari yake yote. Mwaka 1984 Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Mwezi Juni 1985 uso wake ulipamba jalada la jarida la National Geographic: macho ya kijani, mtandio uliochakaa. Picha ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani. Yeye mwenyewe, Sharbat Gula, hakuiona hadi mwaka 2002, mpiga picha aliporudi kumtafuta na kumpata akiwa mke wa mtu na mama wa watoto. Alieleza kwamba alikumbuka siku ile, na alikumbuka kuwa alikasirika, kwa sababu aliyempiga alikuwa mwanamume asiyemjua. Hesabu utaona: uso wake ulizunguka dunia kwa miaka 17 kabla ya jina lake. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa tuhuma za kuwa na kitambulisho cha udanganyifu, akarudishwa Afghanistan. Na mwaka 2021 Italia ikampokea. Macho yale watu waliyasifu kuwa yana siri. Kumbe sehemu ya siri hiyo ilikuwa ghadhabu ya mtoto wa kike ambaye hakuulizwa.

Ninachokisimamia, basi, ni hiki: aliye katika dhiki ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuombwa ruhusa, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kukataa. Tajiri akipigwa asivyotaka ana wakili. Mkimbizi, kibarua, mgonjwa aliyelala kitandani na maiti hawana ila adabu ya yule aliyeshika kamera.

Sheria zipo, lakini hazilingani. Uingereza na Marekani mtu aliye barabarani anaweza kupigwa kwa jumla bila idhini yake. Ufaransa inampa mtu haki juu ya sura yake. Oman, kwa sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011, inaadhibu kuingilia faragha ya watu kwa kamera na simu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria huonyesha mahali ambapo adhabu huanzia. Heshima huanzia mapema zaidi.

Somo langu kubwa juu ya heshima hiyo sikulipata mtaani. Lilinifuata dukani. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake, amebeba kopo la biskuti. Ndani, katika kitambaa, mlikuwa na picha iliyopigwa studio Unguja, kabla ya mwaka 1964: wasichana watatu mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua, mikono yao imeshikana. Wa katikati alikuwa yeye. Alitaka nakala tatu: moja yake, ya pili ya mdogo wake aliyebaki Unguja, ya tatu ya watoto wa dada yao mkubwa, ambaye ni marehemu. Aliniomba niufunge mlango wa duka wakati picha iko mezani. Mteja mwingine alipogonga, bibi aliigeuza picha kifudifudi, akaiwekea kiganja juu.

"Usinione mkaidi, mwanangu," alisema. "Dada yangu alikuwa mtu wa kujistiri maisha yake yote. Hayupo wa kujisemea. Namsemea mimi."

Nilizichapa nakala, nikazitia kila moja katika bahasha yake. Kisha akaniomba niifute picha kwenye kompyuta mbele ya macho yake, na mjukuu akahakikisha. Akaomba dua, akalipa, akatoka. Katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu mwaka ule, hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, nami sina nakala yake. Mdogo wake ameipata. Msafiri aliipeleka mkono kwa mkono.

Sasa nirudi kwenu, wazee na vijana mnaosoma ukurasa huu wa familia. Tunayo makundi ya simu ya ukoo, ya mtaa na ya waliosoma pamoja. Ndugu amelazwa, mipira imo puani, nguo ya hospitali imemfunguka. Kabla hajatibiwa picha yake imefika Dubai, Toronto na Mombasa. Mzazi amefariki, kabla hajaoshwa uso wake umo mikononi mwa watu mia mbili. Mtoto analia kwa kuchapwa. Machozi yake yamefanywa kichekesho, na atakapofika umri wa kuoa bado yatakuwepo. Anayetuma huwa na nia njema: aombewe dua, achangiwe, watu wacheke. Nami najua kiu ya aliye mbali, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao. Tunaomba, "Nitumie picha nimwone," na aliyeko nyumbani hawezi kutunyima.

Kwa hiyo tuanze sisi tulio mbali. Tukiomba picha ya mgonjwa, tuombe pia aulizwe mwenyewe kama yuko radhi, na kama hawezi kusema, aulizwe yule anayejua alivyopenda kuonekana. Tukipokea, ibaki kwetu. Anayepiga naye ampe aliyepigwa nafasi ya kuiona kwanza. Ampe nafasi ya kuosha uso na kuvaa shati lake la Ijumaa. Akiambiwa afute, afute mbele yake. Wagonjwa wengi watakubali. Wengine watasema mikono tu. Na wengine watanyamaza, nasi tuliolelewa kwa hodi tunajua maana ya kimya cha mara ya tatu.

Tukijaaliwa uhai, tukutane wiki ijayo.